Ngazi na Mshazari

Kwa miaka yote aliyofanya kazi juu, Baba Pacha hakuwahi kuona haja ya kuitazama kazi hiyo akiwa chini. Asubuhi alipanda ngazi ya chuma iliyofungwa ukutani, akainama kuingia kwenye kichumba cha vioo kilichoning'inia chini ya daraja la winchi, akafuta vumbi la kioo cha mbele kwa kiganja, na kuanzia hapo watu wote duniani walikuwa kofia. Kofia ya njano ilikuwa ya mkata vyuma, pale kwenye msumeno. Kofia ya bluu, isiyotulia mahali pamoja, ilikuwa ya msimamizi. Kofia nyeupe ilikuwa ya mkewe.

Ghala la vyuma lilikuwa refu kama hadithi ya mlevi. Daraja la winchi lilikwenda mbele na nyuma juu ya reli zake kwa urefu wote wa ghala. Juu ya daraja palikuwa na kigari kilichobeba kulabu, nacho kilikwenda kando tu, kutoka ukuta hadi ukuta. Kishikio cha kulia kiliendesha daraja, cha kushoto kiliendesha kigari, na kila kimoja kilikuwa na vituo vya mwendo, kuanzia wa taratibu hadi wa kasi. Nguzo za ukutani zilikuwa na namba, na sakafuni ilichorwa mistari myeupe iliyoachana kama zilivyoachana nguzo, kwa hiyo kila mahali mle ndani palikuwa na anwani: nguzo ngapi kutoka getini, mistari mingapi kutoka ukuta wa kushoto. Mabamba ya chuma yaliyoingia yalipangwa kwenye kona ya geti na ukuta wa kushoto, ambako hesabu zote zilianzia. Msumeno ulikaa nguzo ya nne, mstari wa pili. Lori la kupakia lilisimama nguzo ya tatu, mstari wa tatu, karibu na mlango wa pembeni.

Mama Pacha alikuwa mfungaji wa mizigo. Alizungusha minyororo, akaikaza, akarudi nyuma, kisha akamwongoza mumewe kwa mikono, maana mbele ya msumeno ule maneno hayakufua dafu. Mkono wa kulia ukinyooka mbele, Baba Pacha alisukuma daraja. Ukishuka, alisimama. Mkono wa kushoto ukinyooka kando, alisukuma kigari. Mbele, simama. Kando, simama. Mbele tena. Mzigo ulisafiri kwa vipande, kama mtu anayeshuka ngazi na gunia kichwani, ukafika palepale ulipotakiwa. Kwenye nguzo ya pili palikuwa na kibonyeo cha zamani kilichopakwa rangi juu ya kutu. Akikiona hicho, alipunguza mwendo. Hakukifikiria, kama mtu asivyofikiria kitasa cha mlango wake.

Walifanya hivyo tangu kabla ya mapacha kuzaliwa, na sasa mapacha walikuwa wasichana wa sekondari wanaogombea kioo. Kama ungemwuliza Baba Pacha anampenda vipi mkewe, angekuona huna adabu. Lakini moyoni angeiona mikono ile miwili ikipanda kwa zamu, mmoja, kisha mwingine, na angejua kwamba hakuna mtu mwingine duniani anayesemeshwa namna ile.

Halafu akaja Kinanda.

Kazi ilikuwa imeongezeka, zikafanywa zamu mbili, ya asubuhi na ya mchana, na mwendeshaji wa pili akaletwa kutoka bandarini. Hakuwa mtu wa kumnyima mume usingizi. Alikuwa na upara, tumbo lililotangulia mwenyewe kufika, na miwani ambayo mkono wake mmoja ulikuwa waya. Alikuwa amefiwa na mke zamani, na alipofanya kazi aliimba kwa pua. Siku ya kwanza alipanda kichumbani, akakaa, akashika vishikio vyote viwili kwa pamoja, na bamba la tani nzima likaondoka konani likaenda hadi kwenye msumeno kwa mstari mmoja ulionyooka, katikati ya urefu na upana, bila kusimama hata mara moja. Watu waliacha kazi wakatazama. Mkata vyuma ndiye aliyembatiza jina. "Huyu haendeshi winchi," alisema. "Anapiga kinanda."

Njia ile waliiita mshazari. Na kabla ya wiki kwisha, njia ya Baba Pacha nayo, ambayo haikuwahi kuhitaji jina, ikapata jina. Wakaiita ngazi.

Jina hilo lisingemuuma. Kilichomuuma alikiona mchana mmoja aliposahau ufunguo wa baiskeli, akarudi ndani ya ghala baada ya zamu yake. Mama Pacha alikuwa amebaki kumsaidia mfungaji wa mchana, mtu mwema ambaye mikono yake, kama alivyosema mkata vyuma, ilikuwa na kigugumizi. Baba Pacha alimwona mkewe akikaza mnyororo, akirudi nyuma. Kisha Mama Pacha akainua mikono yote miwili kwa wakati mmoja, mmoja mbele na mmoja kando, kifua chake kikielekea katikati yake, kama mtu anayefungua pazia asubuhi. Mzigo ukaja kwa mshazari. Naye Mama Pacha akatembea pembeni yake, uso ameuinua, mdomo umefunguka kidogo, na usoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Baba Pacha alikijua vizuri sana: ndivyo alivyokuwa akitazama mapacha walipokuwa wakijifunza kutembea.

Alisimama na ufunguo mkononi. Miaka yote ile hakuwahi kufunguliwa pazia.

Kuanzia siku hiyo zamu yake haikuisha ilipoisha. Alishuka, akajimiminia chai kwenye kikombe cha bati, akaketi juu ya kreti lililofudikizwa karibu na msumeno, na akatazama. Alijiambia anapumzisha mgongo. Alihesabu, kwa nguzo na mistari, kila safari ya Kinanda. Kutoka konani hadi msumenoni: nguzo nne mbele, mistari miwili kando. Yeye mwenyewe angefika palepale. Chuma hakijui kimepita wapi. Sasa kwa nini mkewe aliikunjua mikono yote kwa mtu huyu, na yeye akapewa mmoja mmoja, kama mgonjwa anayepewa uji kwa kijiko?

Aliona pia, kupitia kioo cha kichumba, jinsi Kinanda alivyofanya. Vishikio vyote viwili vilisukumwa pamoja, hadi kituo kilekile. Basi. Hilo tu ndilo fundo la mganga.

"Shemeji leo kafungua mapazia yote," mkata vyuma alisema, akifuta jasho shingoni. "Nyumbani kwenu hamuwezi kuwa na giza."

"Kata vyuma vyako."

"Navikata. Wewe ndiye ninayekuona unakatika."

Baba Pacha alikunywa chai iliyokwisha kupoa. Mkata vyuma alimwangalia, akaona mzaha umepita mpaka, akajaribu kuupaka mafuta. "Mtu mwenyewe ana miwani ya waya, kaka. Unamwonea wivu wa nini?"

"Nani kasema wivu?"

"Hakuna. Umejibu haraka tu."

Wivu wa mtu mzima hauna kelele. Hauvunji vyombo wala hautukani. Unakaa kama maji chini ya sakafu, huku juu watu wanakula na kulala, na siku moja unagundua kwamba milango yote imevimba haifungi. Nyumbani Baba Pacha alianza kujibu kwa maneno machache. Mkewe alipomuuliza kazi ilikuwaje, alisema ilikuwa kazi. Alipomwekea chakula alisema asante, kwa adabu ya mgeni. Mama Pacha alimtazama akila, akasubiri, kisha akaenda kufua sare zao mbili ambazo alizianika kamba moja, suruali kwa suruali.

Jioni moja Baba Pacha alimkuta pacha mdogo mezani akichora. Palikuwa na mistari miwili iliyosimamiana, mmoja wa kulala na mmoja wa kusimama, na mshale uliopaa katikati yake.

"Ni nini hiki?"

"Vekta, baba. Ni safari. Huu mshale unakwenda nne huku na mbili kule. Unaandika nne, mbili, basi umeshausema wote."

Nne, mbili. Aliketi taratibu.

"Na ukifika pale ukaenda safari nyingine?"

"Unajumlisha. Ya huku na ya huku, ya kule na ya kule. Huchanganyi. Nne mbele, halafu moja kurudi nyuma, inabaki tatu. Mbili kando, ukiongeza moja, tatu. Kwa hiyo safari zote mbili ni sawa na kwenda tatu, tatu kwa mara moja."

"Na mtu akienda kwanza mbele yote, ndipo aende kando?"

"Sawa tu. Anafika palepale."

"Palepale kabisa."

"Kabisa, baba."

Alitaka kuishia hapo. Angelala vizuri kama angeishia hapo. "Sasa nani anahitaji kukatiza katikati?"

Pacha mdogo alicheka, akimwonea huruma kama watoto wanavyowaonea huruma wazazi kwenye masomo. "Si ndiyo njia fupi, baba. Nani asiyependa njia fupi?"

Mama Pacha alikuwa mlangoni na beseni. Baba Pacha hakugeuka kumtazama, lakini alihisi kwamba naye amesikia.

Siku chache baadaye msimamizi alikutanisha watu wa winchi karibu na geti. Vioja vya kupokezana wafungaji vimekwisha, alisema. Kila mwendeshaji atakuwa na mfungaji wake wa kudumu. "Mama Pacha ndiye mwenye mikono hapa, wote tunajua. Sitampanga mimi. Achague mwenyewe atafanya kazi na nani, anijibu Jumamosi."

Kinanda alivua miwani akaifuta. Mfungaji wa mchana alitazama mikono yake yenye kigugumizi. Na Mama Pacha, badala ya kusema palepale, kama mke yeyote angesema, "Nafanya kazi na mume wangu, swali gani hilo," aliitikia kwa kichwa na kusema, "Sawa. Jumamosi."

Hilo ndilo lililomgawa Baba Pacha vipande viwili. Nusu yake ilitaka kumuuliza usiku uleule. Nusu nyingine ilisema kwamba mwanamume anayelazimika kuuliza ameshajibiwa. Kwa hiyo hakuuliza. Walilala mgongo kwa mgongo, kila mmoja akijua mwenzake yu macho. Asubuhi Mama Pacha alisema, akifunga kamba za buti, "Huna la kuniuliza?" Akasema, "La nini?" Mkewe akakaza fundo, akasimama. "Haya."

Ijumaa liliingia bamba ambalo halikuhitaji kukatwa. Lilitakiwa litoke konani moja kwa moja hadi kwenye lori: nguzo tatu mbele, mistari mitatu kando. Ilikuwa zamu ya Baba Pacha. Kinanda alikuwa amewahi, ameketi kwenye lile kreti, lile lile, na kikombe. Baba Pacha alimwona kutoka juu: upara, na mvuke wa chai.

Mama Pacha alifunga minyororo. Akarudi nyuma hadi usawa wa nguzo ya pili, mstari wa kwanza, mahali salama, pembeni kabisa mwa njia ya kwenda kwenye lori, ambapo angeliona bamba na angeonekana. Akainua mkono wa kulia. Mmoja.

Baba Pacha aliutazama mkono ule. Chini, Kinanda alikuwa akiutazama pia. Baba Pacha aliwaza: kijiko cha uji. Akaweka mikono yake kwenye vishikio vyote viwili akavisukuma pamoja, hadi kituo kilekile, kama alivyomwona mwenzake akifanya.

Kuna jambo alilijua kwa miaka mingi na siku ile halikumfaa. Daraja lilikuwa jepesi la mwendo, na kigari kizito. Kwenye kituo kilekile, daraja lilikwenda mara mbili ya kigari. Alilijua hilo kama mzazi anavyojua kwamba mtoto huyu hukimbia na yule hujivuta. Lakini, kwa kumbukumbu yake, hakuwahi kuwatuma pamoja. Kinanda aliposukuma vishikio sawasawa, alikuwa akienda msumenoni, nne kwa mbili, na kwa safari hiyo mwendo wa mara mbili ulikuwa ndio wenyewe. Lori lilikuwa tatu kwa tatu. Baba Pacha aliichukua njia ya safari moja akaitumia kwenye safari nyingine.

Bamba lilianza vizuri, na kwa muda mfupi alionja utamu wa kitu kinachokatiza hewa. Kisha akaona kwamba linalala. Lilikwenda mbele kwa haraka na kando kwa uvivu, na pembe yake haikuelekea lori hata kidogo. Ilielekea kofia nyeupe.

Mama Pacha alinyoosha mikono yote miwili pembeni: simama. Baba Pacha alirudisha vishikio kwa nguvu. Daraja likasimama, kigari kikasimama, lakini mzigo ulioning'inia haujui breki. Uliendelea na safari yake, ukapanda kidogo, na Mama Pacha akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi mgongo wake ukagusa nguzo ya pili. Bamba lilifika mbele ya kifua chake, likafikiri, likarudi.

Msumeno ulizimwa. Ndipo ikasikika minyororo ikilia, na kikombe cha bati kilichokuwa kimeanguka kikiendelea kubingirika sakafuni.

Kinanda alikwenda akalishika bamba kwa pembe hadi likatulia. Mkata vyuma alivua kofia akaivaa tena. Na Mama Pacha, bila kumtazama mtu, alivuka sakafu, akashika ngazi ya chuma, akaanza kupanda.

Hakuwa amepanda ngazi ile tangu ujana. Baba Pacha alizisikia buti zake zikigonga kila kipago. Mlango ulifunguka, akaingia, na kichumba kilichojengewa mtu mmoja kikawa na watu wawili wanaopumua.

"Nani kakuambia usukume vyote?"

"Wewe."

"Mimi nilikupa mkono mmoja."

"Ndiyo. Kila siku unanipa mmoja. Yule unampa miwili. Nimekaa pale chini nimeona. Nimekuona na uso wako."

Mama Pacha alivua kofia. Nywele zilikuwa zimelala kwa jasho. Alitazama nje ya kioo, kule chini, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha.

"Unaiona nguzo ya pili?"

"Naiona."

"Ile alama yake ni ya nini?"

Alitaka kusema ni alama ya kupunguza mwendo. Alifungua mdomo, na kabla ya neno kutoka, aliona. Aliona bamba jingine, la zamani, na mwanamke kijana mwenye tumbo la miezi ya mwisho aliyeinua mikono yote miwili, na yeye mwenyewe, mgeni wa kazi, akisukuma vishikio vyote kwa furaha. Mzigo ulikata hewa ukaenda kujipiga kwenye nguzo, hatua moja kutoka aliposimama mkewe.

"Ulishuka huku unatetemeka," Mama Pacha alisema. "Ulinishika mabega mbele ya watu. Ukasema, mke wangu, usinipe mawili tena. Nipe moja, likiisha nipe la pili. Nikasema sawa. Mimi nimeshika hivyo mpaka leo. Wewe umesahau?"

Alikuwa amesahau. Hofu ilikuwa imekwisha zamani, akabaki na tabia, na tabia ile akaifanya mapenzi yao, kisha akaifanya kosa la mkewe.

"Na yeye?" aliuliza. Alijichukia kwa kuuliza, lakini maji yalikuwa bado chini ya sakafu.

"Yeye hajawahi kuniambia kwamba anaogopa."

"Na uso ule?"

"Uso upi, Baba Pacha? Kazi nzuri ni nzuri. Hata fundi wa mfereji akifunga bomba lisivuje nitamtazama hivyo hivyo." Alivaa kofia. "Msimamizi kaniuliza mbele yako nitafanya kazi na nani. Nikasema Jumamosi ili uje uniombe. Siku zote hizo. Nimekaza kamba za buti mpaka vidole vimeuma. Kumbe mwenzangu umejifungia humu na hesabu zako."

"Nakuomba."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi."

Mama Pacha alifikiri. Hakuwa mwanamke wa kutoa kitu bure, na usoni mwake hofu ilikuwa bado haijashuka. "Nitabaki na wewe. Ila mshazari utajifunza. Utajifunza kwa Kinanda mwenyewe, siyo kwa kumchungulia."

Hivyo ndivyo Baba Pacha alivyojikuta wiki iliyofuata, mchana, amebanwa kwenye kona ya kichumba chake mwenyewe, huku Kinanda amekalia kiti chake na tumbo lake limejaa hadi kwenye vishikio.

"Mdogo wangu," Kinanda alisema, ingawa umri wao ulikaribiana, "usiwaze njia. Njia ni uongo. Hapa tuna mwendo wa namna mbili tu, wa mbele na wa kando. Hiyo mnayoita mshazari ni ngazi yako ileile, ila unazipanda mbao zote pamoja. Kwenye lori tunakwendaje?"

"Tatu, tatu."

"Sawa kwa sawa. Na daraja linakimbia mara mbili. Basi kigari kipe kituo cha pili, daraja libaki kwenye cha kwanza. Sasa wanakwenda sawa. Ukitaka haraka zaidi, zidisha wote mara zilezile. Ukitaka nusu ya safari, chukua nusu ya huku na nusu ya huku. Ukigusa mmoja ukamwacha mwenzake, umeshaanza safari nyingine." Akavua miwani. "Siku ile, shemeji alikuwa amesimama wapi?"

"Nguzo ya pili. Mstari wa kwanza."

"Nusu ya nne. Nusu ya mbili."

Baba Pacha alitazama sakafu, akaiona njia ya msumeno kama imechorwa kwa chaki, na katikati yake kabisa, mahali pa kofia nyeupe. Alitamani mtu huyu awe mjinga, au mwenye majivuno, au angalau amcheke. Kinanda aliimba kwa pua akampisha kiti.

Alijifunza polepole, kwa kulabu tupu, kisha kwa vipande vidogo vya nondo. Mikono yake, iliyozoea kupokezana, iligoma kwenda pamoja, kama ndugu waliolishwa sahani mbalimbali. Mkata vyuma alimpa jina jipya kila siku. Yote aliyavumilia. Lisilovumilika lilikuwa moja: kwamba kitu alichokitaka kwa mkewe ilibidi akipokee kwa mkono wa mtu huyu.

Siku ilipofika, lilikuwa ni bamba la kwenda kwenye lori. Mama Pacha alifunga minyororo, akarudi nyuma, safari hii mbali zaidi, ukutani kando ya nguzo. Alitazama juu. Baba Pacha aliinua kiganja kwenye kioo kumwambia yu tayari. Na mkewe akainua mikono yote miwili.

Alikuwa ameingoja ishara ile kwa majuma. Aliiota. Sasa ilikuwa mbele yake, na kutoka kule juu ilikuwa kofia nyeupe na mistari miwili mifupi. Hapakuwa na uso. Hapakuwa na mdomo uliofunguka kidogo wala macho yaliyoinuliwa. Ukingo wa kofia ulifunika kila kitu. Kinanda, siku zote zile, hakuwa ameona zaidi ya hiki. Pazia lilifunguliwa kwa yule tu aliyesimama chini.

Kigari kituo cha pili, daraja kituo cha kwanza. Bamba likaondoka, likatulia kwenye hewa, likaenda. Alijisikia kucheka.

Kisha, pembeni mwa jicho, aliuona upara karibu na msumeno. Kinanda alikuwa ameketi kwenye kreti na kikombe cha chai, akingoja zamu yake, uso umegeukia upande wa kofia nyeupe, na alikuwa akitazama bila haraka, kama mtu aliyepata kiti kizuri.

Kitu cha zamani kikamrudia Baba Pacha, chote, kama kilivyokuwa siku ya ufunguo wa baiskeli. Mkono wake wa kulia ukataka kwenda. Akauzuia. Ukigusa mmoja ukamwacha mwenzake. Akavishika vyote viwili palepale vilipo, na bamba likaendelea moja kwa moja kuelekea lori, tatu kwa tatu, huku kule chini mkewe akitembea pembeni yake na uso ambao yeye hakuweza kuuona.